Ezra Jack Keats, Mchora Picha za Watoto, na Kitabu Chake cha Theluji

Vitabu vya watoto vyenye picha ni vya namna mbili. Katika namna ya kwanza picha ni mtumishi wa maneno. Maneno yakisema kwamba mbuzi alikula muhogo, twamwona mbuzi, twauona muhogo, wala hatuoni zaidi. Picha ya namna hii yafaa, maana mtoto asiyejua kusoma aweza kuifuata hadithi. Walakini ukiiondoa, kitabu hakipungukiwi sana. Katika namna ya pili picha ina neno lake yenyewe. Husema jambo ambalo maneno hayakulisema kabisa, na mtu asomaye maneno peke yake amesoma nusu ya kitabu. Namna hii ni ngumu, na mafundi wake si wengi. Katika makala hii twataka kumpima mmoja wao, Ezra Jack Keats wa mji wa New York katika Marekani, aliyezaliwa mwaka 1916 akafa mwaka 1983.

Tumemchagua yeye kwa sababu kitabu chake kilicho mashuhuri kuliko vyote, The Snowy Day, yaani Siku ya Theluji, kilileta ubishi mkubwa. Mtoto aliyemo ndani yake ni mweusi, na maneno ya kitabu hayasemi hivyo hata mara moja. Wako waliomsifu mchoraji kwa kunyamaza kwake, na wako waliomlaumu. Jambo hili lamhusu kila mzazi na kila mwalimu ampaye mtoto kitabu mkononi; kwa hiyo yafaa tulitazame pande zote kabla ya kutoa neno letu.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Jina alilopewa na wazazi wake ni Jacob Ezra Katz. Wazazi hao walikuwa Wayahudi waliotoka Poland wakahamia Marekani, wakakaa Brooklyn, sehemu ya New York yenye watu wengi. Walikuwa maskini. Baba, Benjamin Katz, alikuwa mtumishi wa mezani katika mkahawa. Mtoto alipenda kuchora tangu utoto wake, na mama yake alifurahi; lakini baba alimwonya mara nyingi kwamba wachoraji hufa njaa. Naye alikuwa na sababu, maana wachoraji wenye njaa aliwaona kwa macho yake pale mkahawani.

Hata hivyo baba huyo alikuwa na siri. Mara kwa mara alirudi nyumbani na rangi za kuchorea, akamwambia mwanawe kwamba mchoraji mmoja mwenye njaa amemwachia ili apewe bakuli la mchuzi. Kumbe alizinunua kwa fedha yake mwenyewe, naye fedha hakuwa nayo nyingi. Mwezi wa Januari mwaka 1935 baba alianguka njiani akafa kwa maradhi ya moyo. Kijana alikuwa karibu kabisa kupokea cheti cha kumaliza shule. Akaitwa kwenda kuutambua mwili wa baba yake, na katika mkoba wa fedha wa marehemu yakaonekana makaratasi yaliyochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Yalikuwa vipande vya magazeti vyenye habari za zawadi ambazo kijana huyu alizipata kwa picha zake.

Tumeyataja haya si kwa kuwaliza wasomaji, bali kwa sababu yatusaidia kuzifahamu kazi zake. Huyu ni mtu aliyejifunza mapema kwamba lile lisemwalo kwa kinywa silo lote, na kwamba mapenzi makubwa huweza kukaa mahali pasipotajwa. Mtu wa namna hiyo akija kutengeneza kitabu, si ajabu akiacha maneno yaseme machache na picha zibebe mzigo.

Alipata nafasi za kwenda kusoma kazi ya uchoraji, lakini hakuweza kuzitumia, kwa sababu ilikuwa miaka ya shida kubwa ya fedha iliyoanza mwaka 1929, na baba hayupo tena. Akafanya kazi alizozipata. Alichora picha kubwa za ukutani katika mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi; alichora katika vitabu vya hadithi za picha vilivyouzwa kwa bei ndogo; na wakati wa vita, tokea 1943 hata 1945, jeshi lilimtumia katika kazi ya kutengeneza rangi na madoa ya kuficha vitu ili adui asivitambue. Mwaka 1947 alibadili jina lake kwa sheria, Katz akawa Keats, maana siku hizo mtu mwenye jina la Kiyahudi aliweza kunyimwa kazi kwa ajili ya jina tu. Msomaji na aliweke jambo hili akilini. Huyu alijua mwenyewe maana ya kukataliwa na watu wasiokujua, kwa alama uliyozaliwa nayo.

Kuanzia mwaka 1954 akawa mchora picha za vitabu vya watoto, akitumwa na wenye kupiga chapa kuchorea hadithi za waandishi wengine. Hapo ndipo alipoona jambo lililomsumbua. Katika hadithi alizoletewa hamkuwa na mtoto mweusi, isipokuwa pengine mmoja nyuma kabisa, kama mti au ukuta uliowekwa kujaza nafasi. Naye alikaa New York, mji ambao watoto weusi wamejaa katika njia zake. Waliishi jirani naye, walicheza mbele ya milango, walikwenda shule, lakini katika vitabu walikuwa kama watu wasiozaliwa. Baadaye alieleza kwamba alipotunga kitabu chake mwenyewe alimweka mtoto mweusi ndani yake kwa sababu moja tu, kwamba ilipasa awemo tangu zamani.

Mtoto huyo alikuwa amekwisha mpata. Katika mwaka 1940 gazeti la Life lilitoa picha nne za kamera za mtoto mdogo mweusi wa jimbo la Georgia aliyekuwa karibu kutolewa damu ili ipimwe. Katika picha hizo uso wa mtoto wabadilika: mara ana matumaini, mara ana mashaka. Keats alizikata picha hizo akazihifadhi, na kwa miaka zaidi ya ishirini zilipanda na kushuka katika kuta za chumba chake cha kazi. Mwaka 1962 mtoto yule akatoka ukutani akaingia kitabuni, akaitwa Peter.

Sasa tukitazame kitabu chenyewe. Hadithi yake ni ndogo, yaweza kusimuliwa kwa dakika mbili. Peter aamka asubuhi aona theluji imeanguka usiku kucha. Avaa nguo yake nyekundu ya baridi yenye kofia, atoka nje. Atembea vidole vikitazama nje, kisha vikitazama ndani, ili azione nyayo zake. Aburuta kitu nyuma yake na mstari mpya waonekana katika theluji; ni kijiti. Akipiga mti kwa kijiti kile, theluji yamwangukia kichwani. Atamani kucheza na wavulana wakubwa wanaotupiana matonge ya theluji, lakini ajiona bado mdogo. Basi atengeneza sanamu la mtu wa theluji, alala chali na kupunga mikono hata umbo la malaika libaki chini, apanda chungu la theluji na kuteleza. Kabla ya kuingia nyumbani atia tonge la theluji mfukoni, liwe akiba ya kesho. Mama amvua soksi zilizolowa. Peter aoga, atazama mfukoni kabla ya kulala, na mfuko ni mtupu. Ahuzunika. Usiku aota kwamba jua limeyeyusha theluji yote. Asubuhi theluji ingali ipo, tena nyingine yaanguka. Amwita rafiki yake wa mlango wa pili, nao watoka pamoja.

Wasomaji wengi wa nchi zetu hawajapata kukanyaga theluji. Wachaga huiona mlimani Kilimanjaro kwa mbali, lakini kuiona kwa mbali si kuitia mfukoni. Je, kitabu hiki kitatupita? La. Ni nani asiyemjua mtoto siku ya mvua ya kwanza, anavyokanyaga tope ili aone nyayo zake, anavyoburuta kijiti njiani bila sababu? Ni nani asiyemjua mtoto aokotaye mawe ya mvua akakimbia nayo nyumbani amwonyeshe mama yake, akifumbua mkono ni maji? Theluji ni ya New York, ila mfuko mtupu ni wa watoto wote. Keats hakutafuta jambo kubwa la kuwapendeza watu wa mataifa yote; alichora njia ya kwao kama alivyoijua. Wahenga husema, mcheza kwao hutunzwa.

Tazama pia ustadi wa mikono yake. Picha hizi hazikuchorwa kwa brashi peke yake. Keats alikata karatasi za rangi na za maua, na vipande vya vitambaa, akavibandika mpaka vikawa nyumba, vitanda na nguo. Gauni la mama lenye mirabaraba ni kitambaa cha namna ile inayotandikwa ndani ya kabati za jikoni. Shuka la kitandani ni kitambaa cha kitani kinachotumiwa na wachoraji. Chembe za theluji alizipiga kwa mihuri aliyoichonga mwenyewe katika mpira wa kufutia maandishi. Ukurasa wa usiku wa huzuni aliutia madoadoa kwa kurusha wino mweusi kwa mswaki. Hivi ni vitu vya nyumbani, na mtoto atazamaye aweza kuvitambua, hata akatamani kushika mkasi mwenyewe. Tena alivipanga kwa akili. Theluji ni nyeupe na nguo ni nyekundu, basi kila ufunuapo ukurasa jicho lamwendea Peter kabla ya kitu chochote, hata pale alipo mdogo sana katikati ya weupe mwingi. Na katikati ya wekundu ule umo uso wake mweusi wa kahawia. Hakuna mtoto awezaye kusoma kitabu hiki bila kuuona.

Mwaka 1963 kitabu kilipewa Nishani ya Caldecott, ambayo Chama cha Maktaba cha Marekani hutoa kila mwaka kwa mchoraji wa kitabu bora cha picha cha watoto. Sifa zikawa nyingi. Kisha likaja neno la lawama, nalo lilikuja kutoka kwa mtu mwenye kupigania jambo lile lile alilolipenda Keats.

Mwezi wa Septemba mwaka 1965 mwalimu Nancy Larrick aliandika katika gazeti la Saturday Review makala juu ya vitabu vya watoto vya Marekani. Alikuwa amehesabu vitabu 5,206 vilivyotolewa katika miaka mitatu, 1962 hata 1964. Vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, katika maneno au katika picha, vilikuwa 349 tu, yaani havikufika saba katika kila mia. Na vile vilivyosimulia maisha ya Wamarekani weusi wa siku zile havikufika hata kimoja katika mia. Hesabu hiyo iliwashtua watu wengi, nayo ilistahili kuwashtua. Lakini ndani ya makala hiyo hiyo aligusa The Snowy Day. Alisema maneno ya kitabu hayamtaji mtoto kuwa mweusi. Na mama wa Peter hakumpendeza, kwa kuwa amechorwa mkubwa wa mwili mwenye gauni la rangi kali, akamkumbusha picha mbaya za zamani.

Yafaa kulifahamu lawama hili la pili kabla ya kulijibu. Katika Marekani ilikuwako desturi ya muda mrefu ya kumchora mwanamke mweusi kama mtumishi mnene wa jikoni, mwenye kitambaa kichwani, anayecheka daima, asiye na mume wala watoto wake mwenyewe bali awalea wa bwana zake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bibi Larrick alikuwa na haki ya kushtuka. Lakini kushtuka ni kitu kimoja, na kuhukumu ni kingine. Tukimtazama mama huyu twaona nini? Yuko nyumbani kwake. Mtoto ni wake. Amvua soksi zilizolowa, na huku amsikiliza habari za mchana. Hamtumikii mtu mwingine ila mwanawe, kama kila mama afanyavyo. Basi mtumishi wa zile picha za zamani hayupo hapa, ingawa wanene wote wawili. Lile tunaloona sisi kuwa upungufu ni jingine: mama ameonekana kidogo mno, na baba haonekani kabisa. Mtu aliyetaka kuijaza nafasi iliyokuwa tupu vitabuni angeweza kuijaza na nyumba nzima.

Nadhari ya haki yatulazimisha kusema kwamba Keats mwenyewe alikuja kuijaza. Peter hakuishia katika theluji. Alikua kutoka kitabu hata kitabu. Katika Whistle for Willie cha mwaka 1964 ajifunza kupiga mbinja amwite mbwa wake. Katika Peter's Chair cha mwaka 1967 mtoto wa kike amezaliwa nyumbani, Peter aona wivu kwa kuwa vitu vyake vya utoto vyapakwa rangi ya waridi kwa ajili ya dada yake. Hatimaye, ajionapo kuwa kiti chake hakimtoshi tena, yeye na baba yake wakipaka rangi pamoja. Hapo baba yupo, mama yupo, mtoto mchanga yupo. Hatujui picha iliyo bora kuliko hiyo ya baba na mwana juu ya kiti kimoja kidogo, tukikumbuka baba yake Keats na zile rangi za siri.

Sasa turudi kwa lawama la kwanza, lile la kunyamaza. Hili ndilo kubwa. Walioshika neno la Bibi Larrick huuliza hivi: Je, mwaka 1962 Marekani ilikuwa nchi ambayo mtoto mweusi hana huzuni nyingine ila tonge la theluji lililoyeyuka? Mwezi wa Mei mwaka 1963, miezi michache tu baada ya nishani kutangazwa, watoto weusi wa mji wa Birmingham katika jimbo la Alabama walitoka kwa mamia na mamia kudai haki zao. Wakafungwa gerezani, wakapigwa kwa maji ya nguvu ya mipira ya zimamoto, wakaachiliwa mbwa. Mchoraji anayejua hayo akachora mtoto anayeteleza juu ya theluji, je, hakuficha? Tena alipata kuwa fundi wa rangi za kuficha!

Swali hilo si la kudharau. Lakini jibu letu ni kwamba wanaouliza hivyo wamesoma maneno, hawakusoma picha. Katika kitabu cha namna ya pili, ile tuliyoieleza mwanzo, lisiloandikwa si lazima liwe limefichwa. Uso wa Peter uko mbele karibu katika kila ukurasa. Kama kitabu kingeanza kwa kusema, Hapo palikuwa na mtoto mweusi jina lake Peter, msomaji angejua mara moja kwamba weusi wake ndio habari, na theluji ni kisingizio. Mtoto mweupe katika vitabu vile vingine 4,857 hakuanza kwa kutajwa rangi yake. Aliamka tu, akaenda kucheza. Keats alimpa Peter heshima hiyo hiyo, ya kuamka tu akaenda kucheza. Na kwa mwaka ule, katika nchi ile, jambo hilo halikuwa dogo. Watoto wa Birmingham walidai nini, kama si nafasi ya kutembea katika mji wao kama watoto wengine? Mtoto mweusi atembeaye katikati ya mji akiacha nyayo zake, pasipo mtu wa kumfukuza, ni dai lile lile limewekwa katika picha.

Hata hivyo hatusemi kwamba kitabu kimoja chatosha. Furaha ni kweli, na taabu nayo ni kweli. Mtoto ahitaji vitabu vya zote mbili. Keats alilijua hilo. Katika Goggles! cha mwaka 1969 Peter na rafiki yake Archie waokota miwani mikubwa ya waendesha pikipiki, wavulana wakubwa wataka kuwanyang'anya, Peter apigwa akaanguka, na wadogo hao hupona kwa werevu na kwa msaada wa mbwa. Njia ya mji si theluji safi tena. Ina mabati, mashimo na vitisho. Tukitafuta kosa katika vitabu hivi vya baadaye, twaona kwamba kurasa nyingine zimejaa mno, rangi juu ya rangi, hata jicho halijui pa kupumzikia, ilhali uzuri wa kile cha kwanza ni nafasi nyeupe iliyoachwa. Lakini kwamba alichora amani tu, hilo si kweli.

Liko neno moja la haki ambalo hatuwezi kulipita. Hata kama Keats alichora vema, alikuwa mtu mweupe achoraye watoto weusi. Je, weusi wenyewe hawakuwa na mikono? Walikuwa nayo, bali milango ya wapiga chapa ilifunguka polepole. Mwaka 1969 kijana mweusi John Steptoe alitoa kitabu chake Stevie kabla hajatimiza miaka ishirini. Mwaka 1971 wakaja Muriel Feelings na mumewe Tom Feelings na kitabu Moja Means One, ambacho sisi twapaswa kukijua, kwa kuwa ni kitabu cha kuwafundisha watoto wa Marekani kuhesabu kwa Kiswahili, moja hata kumi. Muriel alipata kuwa mwalimu Uganda, naye Tom alichora maisha ya Afrika ya Mashariki. Na kwa moja ameweka Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Kitabu hicho kilipata heshima ya Caldecott mwaka 1972. Tena mwaka 2010 Nishani ya Caldecott yenyewe ilimwendea Jerry Pinkney, Mmarekani mweusi, kwa kitabu cha simba na panya kisicho na hadithi ya maneno, ila sauti za wanyama, na nchi yake ni mbuga za Serengeti. Hawa hawakupata kipawa chao kwa Keats, walikuwa nacho. Lakini kitabu cha Keats kiliwaonyesha wapiga chapa na wenye maktaba kwamba mtoto mweusi akikaa katikati ya kitabu, watoto wa kila rangi watakisoma. Neno hilo lilihitaji kuonyeshwa, ijapokuwa ni aibu kwamba lilihitaji.

Na kwamba wamekisoma, hapana shaka. Mwezi wa Januari mwaka 2020 Maktaba ya Umma ya New York, ikiadhimisha miaka 125, ilitangaza vitabu vilivyoazimwa zaidi kuliko vyote tangu ianzishwe. Cha kwanza kilikuwa The Snowy Day, kilichoazimwa mara 485,583. Kabla yake, mwaka 2017, posta ya Marekani ilitoa stempu nne zenye picha za Peter katika theluji. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini ushahidi tunaouthamini kuliko stempu na hesabu ni mmoja mdogo. Yasimuliwa kwamba mwalimu mmoja alimwandikia Keats barua juu ya watoto weusi wa darasa lake. Tangu zamani walipojichora walichukua rangi ya waridi, kwa kuwa watoto wa vitabuni walikuwa wa rangi hiyo. Baada ya kusomewa kitabu hiki, walianza kuchukua rangi ya kahawia. Hakuna aliyewaambia. Kitabu hakikuwaambia pia, maana maneno yake hayataji rangi ya mtu. Waliona. Hilo ndilo jibu kwa wote wanaosema kwamba Keats alinyamaza, wala hatuna la kuongeza juu yake.

Basi tunaokaa na watoto tuna la kujifunza. Tukimpa mtoto kitabu cha picha, tusikimbilie maneno. Tumwache atazame kwanza, tumwulize ameona nini, tungoje jibu. Maana mara nyingi yeye asiyejua kusoma ataona lile ambalo sisi tumelipita kwa haraka ya kusoma. Tena tuvichungue vitabu tunavyowapa: je, mtoto aweza kumwona ndani yake mtu wa kwao, mwenye uso wake na nyumba kama yake, akifanya jambo la kawaida, pasipo kufanywa mfano wala kichekesho? Kama hayumo, atajichora kwa rangi ya wengine. Na kijana mwenye kipawa cha kuchora asingoje rangi za ng'ambo wala habari za ajabu. Keats alikuwa na mkasi, mabaki ya vitambaa, mpira wa kufutia na mswaki. Habari yake ilikuwa mtoto wa jirani na mfuko mtupu. Mkasi na mswaki si adimu kwetu, na watoto wa jirani tunao wengi.